Kidakuzi: Jina la Kiswahili lililofichua siri ya biskuti

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali lililonifanya nikune kichwa: “Mwalimu, mbona Waingereza wanakiita biskuti, sisi tunakiita kidakuzi?” Alikuwa amefungua tovuti kwenye simu, ikamtaka akubali vidakuzi kabla ya kusoma chochote. Alibofya “kubali” upesi, kama tufanyavyo wengi wetu, ndipo akauliza.

Jibu linaturudisha mwaka wa 1994. Wakati huo wavuti ulikuwa kama muuza duka msahaulifu. Unachagua sukari, ukigeuka kuchukua unga, keshakusahau. Kila ukurasa uliofungua ulikupokea kama mgeni. Lou Montulli, mhandisi wa kampuni iliyokuja kujulikana kama Netscape, alitafuta dawa. Akaamua tovuti iandike kijisehemu cha matini ndani ya kivinjari chako. Ukirudi, kivinjari kinakirudisha kijisehemu hicho, nayo tovuti inakutambua.

Jina hakulibuni yeye. Waandishi wa programu za Unix walikuwa tayari wakiita biskuti kifurushi kidogo cha data kinachopokewa na kurudishwa jinsi kilivyo. Jina tamu, lisilomtisha mtu. Na kweli nia ilikuwa njema: bila kifaa hiki, kikapu chako cha ununuzi mtandaoni kingemwagika kila unapofungua ukurasa mpya.

Tatizo lilizuka pale wenye matangazo walipogundua upenyo. Ukurasa mmoja wa wavuti unaweza kubeba picha kutoka kampuni kadhaa. Kampuni ya matangazo iliyoweka picha katika tovuti ya habari, ya dawa na ya viatu iliweza kuandika kidakuzi chake katika zote tatu, na hivyo kumfuata msomaji yule yule kote alikopita. Watu wa kawaida walikuwa hawana habari hadi Februari 1996, gazeti la Financial Times la Uingereza lilipolianika jambo hilo. Mwaka uliofuata, IETF, jopo la wahandisi linaloweka kanuni za mtandao, lilipendekeza kwamba vivinjari visikubali vidakuzi vya namna hiyo ila kwa idhini ya mtumiaji. Netscape na Microsoft, waliotawala soko la vivinjari, hawakulifuata pendekezo hilo. Biashara ilikuwa imenoga.

Sasa turudi kwenye neno letu. Katika masikio yangu, kidakuzi kinakaa nyumba moja na udaku na mdakuzi, yule jirani anayetega sikio dirishani kisha akatangaze mtaani. Kiingereza kilituletea kitafunwa; Kiswahili kikatuonyesha mpashaji habari. Wapo wanaopendelea “kuki”, ati ni rahisi. Sikubaliani nao. Kuki linaficha, kidakuzi linafichua. Ni kweli kwamba si kila kidakuzi ni mmbea, kwani kipo kile kinachokukumbuka tu ili usiingize nywila kila dakika. Hata hivyo, jina linalomfanya mtu asite kidogo ni bora kuliko linalomlaza usingizi.

Kusita huko kuna uzito wa kisheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu nchini Kenya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inadai kwamba idhini iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyearifiwa. Aliyearifiwa! Je, mama anayesoma Kiswahili pekee, akiwekewa aya kumi za Kiingereza cha mawakili na kitufe kimoja kikubwa cha kukubali, ameidhinisha nini? Idhini isiyoeleweka si idhini. Ndiyo maana naona kazi ya istilahi si anasa ya wasomi.

Wala tusingoje makampuni yatuhurumie. Januari 2020, Google ilitangaza kwamba ingeviondoa vidakuzi vya watu wa tatu katika kivinjari chake cha Chrome kwa muda wa miaka miwili. Ikaahirisha mara kadhaa, kisha Julai 2024 ikauacha mpango huo. Firefox imekuwa ikivizuia vile vya ufuatiliaji vinavyojulikana bila kuombwa tangu 2019.

Kwa hivyo nilimwambia mwanafunzi wangu achukue simu, aingie kwenye mipangilio ya kivinjari, atafute sehemu ya faragha, azuie vidakuzi vya watu wa tatu na kufuta vilivyorundikana. Alimaliza upesi. “Kumbe ni hivyo tu!” akasema. Kisha akaniuliza ni kwa nini hakuna aliyewahi kumweleza. Swali hilo la pili nawaachia wenye tovuti: waandikieni wasomaji wenu maelezo kwa lugha wanayoielewa, na kitufe cha “kataa” kiwe kikubwa sawa na cha “kubali”.