Miaka 40 bila ekseli ya inchi tisa: wajenzi wa hotirodi walivyoacha kupima

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu kampuni ya Ford ilipoacha kufunga ekseli ya nyuma ya inchi tisa kwenye magari yake. Ilianza nayo kwenye magari ya mwaka 1957 na kuishia nayo mwaka 1986 kwenye pikapu za F-150 na Bronco, na tangu hapo sifa zake zimezidi kuvuma. Kwa Wamarekani wanaojenga hotirodi, yaani magari ya zamani, hasa Ford za miaka ya 1920 na 1930, yaliyopunguzwa uzito na kutiwa injini kali, swali la ekseli ipi itolewe kwenye gari lipi lililochinjwa hujibiwa leo kabla halijaulizwa: inchi tisa, basi. Jibu hilo limesahau lilikotoka. Ekseli ya inchi tisa haikupata heshima yake kwa uimara peke yake. Ilichukuliwa kwa sababu ilienea chini ya gari lile na kuendana na giaboksi lililokuwa mbele yake, na waliolijua hilo walilijua kwa futi kamba na hesabu. Desturi ya kupima ndiyo iliyojenga ufundi huu, na ndiyo inayoachwa.

Ford ya Model A, iliyotoka mwishoni mwa 1927, ilikuwa na ekseli iliyogawanyika: kipande cha katikati chenye difu, na maganda mawili yaliyofungwa kwa bolti kushoto na kulia. Mtindo huo, unaoitwa banjo, ukaendelea hadi magari ya 1948, ukiwemo mwaka 1932 ambapo Ford ilitoa V8 ya bei nafuu yenye nguvu farasi 65. Propela ilizunguka ndani ya bomba la chuma lililounganisha difu na giaboksi, na bomba hilo ndilo lililolisukuma gari: msukumo wa magurudumu ulipita humo hadi kwenye giaboksi, ukaishia kwenye chesisi. Springi ilikuwa moja tu, imelala kukingama. Mpangilio huu ulikuwa mwepesi na wa bei ndogo, lakini ulikuwa na mambo mawili yaliyowatesa vijana wa California waliokwenda kushindana mwendo kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Kwanza, kila hafu shafti ilifuliwa pamoja na gia yake ya ndani, kwa hiyo haichomoki. Ikikatika, ekseli nzima inateremshwa na kupasuliwa katikati. Pili, hubu ilikaa kwenye ncha iliyochongoka ya shafti, ikashikiliwa na ufunguo mdogo wa chuma na nati moja. Nati hiyo ikilegea kidogo, ufunguo hula shafti. Shafti ikivunjika, gurudumu huweza kuondoka na kwenda zake.

Hata hivyo, kilichowasumbua zaidi ni uwiano wa meno, na hapa ndipo historia hii ina utamu wake. Ford nyingi za wakati huo zilikuwa na uwiano wa 3.78 kwa 1. Gari la namna hiyo lenye tairi za kipenyo cha inchi 28, likienda kilomita 100 kwa saa, injini yake inazunguka kama mara 2,800 kwa dakika, lipe 4.11 itazunguka karibu 3,070, na lipe 3.00 itashuka hadi 2,240. Kwenye ziwa kavu, na kwenye chumvi ya Bonneville ambako mashindano ya wiki nzima yalianza 1949, mtu alitaka namba ndogo ili gari lifike mwendo wa juu kabisa. Kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, ambako kuanzia 1950 magari yalishindana kwa kuondoka kwa kasi kwenye barabara fupi, alitaka namba kubwa. Gari lilikuwa moja na mwenyewe mmoja, na kubadilisha kraunwili na pinioni ya banjo ilikuwa kazi ya siku nzima kwa fundi mzoefu, pamoja na kupanga shimu hadi meno yakutane sawasawa.

Aliyelitatua tatizo hili kwa namna iliyokumbukwa kuliko wengine ni Ted Halibrand wa California, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alisubu kipande kipya cha katikati kwa metali nyepesi, kikafungwa kati ya maganda yaleyale ya Ford. Mzunguko wa propela ulipita chini, ukatokea nyuma ya difu, ukapandishwa na gia mbili za meno manyoofu hadi kwenye shafti ya pinioni iliyo juu. Gia hizo mbili zilikaa nyuma ya kifuniko kilichofungwa kwa nati chache. Ukifungua kifuniko na kumwaga oili, unazichomoa kwa mkono. Ukizigeuza, ya juu ikawa chini, umepata uwiano mwingine bila kugusa kraunwili. Kazi ya siku ikawa ya dakika. Magari ya Indianapolis yaliitumia, na hotirodi ikaichukua pamoja na mlio wake mkali unaosikika hata gari likienda taratibu. Tukiangalia kilichofanyika hapo, hakuna aliyetafuta ekseli yenye nguvu kuliko zote. Watu walitaka ekseli inayolingana na kazi ya siku ile, na walikuwa tayari kupiga hesabu upya kila wiki.

Banjo ilianza kuachwa Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955. Injini ile nyepesi na ya bei rahisi iliwavutia hata waliokuwa wafuasi wa Ford, lakini giaboksi lake halikuwa na mahali pa kushikia bomba la zamani. Propela ikabidi iwe wazi, na ekseli iwe ya aina hiyo. Ford yenyewe ilikuwa imeshaacha bomba tangu magari ya 1949, na mwaka 1957 ikaleta inchi tisa, ambayo meno yake yote yamo kwenye kichwa kimoja kinachotolewa kwa mbele baada ya kufungua nati kumi. Mtu akiwa na vichwa viwili vyenye uwiano tofauti, ana kitu kinachokaribia cha Halibrand kwa gharama ndogo. Halafu upana: magurudumu ya Model A yalipangwa kwa njia ya inchi 56, na ekseli za magari ya kubebea familia na ya Ranchero ya 1957 hadi 1959 zilipima inchi 57 na robo hivi kutoka uso wa rimu moja hadi mwingine. Zilikaa ndani ya madigadi ya gari la zamani bila kukatwa.

Watetezi wa inchi tisa watasema kwamba uimara unatosha kuwa sababu, na ushahidi wanao. Pinioni yake ina beringi ya tatu nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo haisukumwi pembeni inapobebeshwa mzigo. Katika mashindano ya NASCAR ya daraja la juu, hadi msimu wa 2021 hata magari ya Chevrolet na Toyota yalitumia difu ya mtindo huu wa Ford. Lakini gari la NASCAR lina uzito mara mbili ya hotirodi nyepesi na tairi pana za kushika lami. Mzigo unaoifikia ekseli hauamuliwi na injini peke yake. Unakomea pale tairi inapoanza kuteleza. Ford ya 1929 isiyo na madigadi, yenye tairi nyembamba, itazungusha magurudumu bure kabla ya kuvunja difu ndogo kuliko hiyo. Na uimara ule una bei yake. Pinioni ya inchi tisa imekaa chini sana ya mstari wa katikati, meno yanasuguana zaidi, na nguvu inayopotea kwa joto ni kubwa kuliko kwenye difu ya General Motors ya bolti 12. Ugomvi kati ya makundi haya mawili una miongo mingi, na kila upande una ukweli wake, lakini mwenye nguvu farasi 100 za injini ya zamani ndiye wa kwanza kuona hasara.

Yuko anayestahili ekseli ile: mwenye injini kubwa, giaboksi la mkono na tairi pana. Kwa wengine wengi, ndugu yake wa inchi nane, iliyofungwa kwenye Maverick na Mustang za injini ndogo, ni nyepesi na inatosha. Zinafanana mno, na mafundi wa yadi za vyuma chakavu huzitofautisha kwa soketi: ikiingia kwenye nati zote zinazoshika kichwa cha difu, ni inchi nane; nati mbili za chini zikikubali spana tu kwa kubanwa na ganda, ni inchi tisa. Kwa anayetaka gari la Ford lenye injini ya Ford ya kabla ya 1949, banjo bado ndiyo ekseli yake halali, maadamu shafti zimekaguliwa na nati za hubu zimekazwa ipasavyo. Inasikitisha kuona maganda ya banjo yaliyodumu miaka 80 yakiuzwa kwa kilo, eti si imara, ilhali hakuna aliyepima yatabeba nini.

Yaliyofuata baada ya hapo yanasimuliwa haraka. Miaka ya 1970 walioweza gharama walichukua ekseli ya Jaguar yenye magurudumu yanayojitegemea na breki za diski karibu na difu. Kisha likawindwa Lincoln Versailles la 1977 hadi 1980, gari ambalo wanunuzi hawakulipenda lakini lilikuwa na inchi tisa fupi yenye diski kiwandani. Likaisha kwenye yadi. Leo kampuni kama Currie na Moser hutengeneza maganda mapya kwa upana wowote unaotajwa, na huko ndiko kupima kulikofifia zaidi, maana wengi hutaja namba walizosikia kwa mwenzao. Ekseli ya Explorer ya inchi 8.8, iliyopata diski tangu 1995, hupatikana kwa fedha kidogo. Pinioni yake haiko katikati, lakini fundi hukata upande mrefu wa ganda, akafunga shafti mbili za upande mfupi, na upana ukarudi karibu na ule wa Model A. Inahitaji kuchomelewa kwa kufuata chuma kilichonyooka, na nati zake tano za duara la inchi 4.5 hazilingani na rimu za Ford za zamani za inchi 5.5. Anayeitaka asichelewe: mwaka 2009, serikali ya Marekani ilipolipa watu wapeleke magari yanayokunywa mafuta mengi yakaharibiwe, Explorer lilikuwa miongoni mwa yaliyopelekwa kwa wingi zaidi.