Tabibu wa Waliolala

Kwa karne nyingi usingizi ulihesabiwa nusu ya mauti: aliyelala hana habari, wala tabibu hana kazi naye mpaka aamke. William Dement, aliyezaliwa Marekani mwaka 1928, hakuikubali hesabu hiyo.

Akisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alijiunga na Nathaniel Kleitman, ambaye mwaka 1953, pamoja na Eugene Aserinsky, alitangaza kuwa macho ya aliyelala huwa na nyakati za kwenda mbio chini ya kope. Dement alikesha akipima umeme wa ubongo, akiwaamsha watu na kuwauliza. Walioamshwa wakati macho yakienda mbio mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia; walioamshwa wakati macho yametulia, mara chache. Basi usingizi si giza moja. Una vipindi vyake.

Mwaka 1963 alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1970 akafungua huko kliniki ya maradhi ya usingizi, ya kwanza duniani. Mwaka 1972 akaja Christian Guilleminault kutoka Ufaransa, na pumzi za wagonjwa zikapimwa usiku kucha. Mkoromaji aliyedhaniwa amestarehe alionekana pumzi zikimkatika mara nyingi, na asubuhi hakumbuki lolote. Mchana akisinzia, jirani zake humwita mvivu.

Dement alifariki mwaka 2020. Aliacha funzo hili: mgonjwa hakomi kuwa mgonjwa afumbapo macho, na tabibu amwachaye hapo humwacha katika theluthi ya maisha yake.