Jinsi ya kuokoa pikapu kuukuu iliyoliwa na kutu

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wa Kitale na Bungoma hutegemea pikapu kuukuu kusafirisha mahindi, mbolea, maziwa na mifugo. Injini ya gari kama hilo huweza kudumu miaka mingi, ilhali fremu inayoibeba huliwa na kutu polepole bila mwenyewe kutambua.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma hupata mvua kwa miezi mingi ya mwaka. Matope hunata chini ya gari na kuhifadhi unyevu hata jua linapowaka. Mbolea inayomwagika, kama vile DAP na CAN, huzidisha madhara kwa kuwa chumvi zake hufyonza maji.

Sehemu zinazodhurika zaidi ni ndani ya fremu, juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikizo vya springi. Fremu ikikatika gari likiwa na shehena, au mrija wa breki uliooza ukipasuka mteremkoni, maisha ya watu huwa hatarini.

Kazi huanza kwa kuosha sehemu ya chini kwa maji ya kasi na kuiacha ikauke. Gari huinuliwa kwa jeki, kisha likategemezwa kwa vigingi imara vya chuma. Fundi hapaswi kamwe kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Fundi hugonga fremu kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Kutu ya juu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, na palipooza hukatwa na kuchomelewa bamba jipya. Kabla ya kuchomelea, waya za betri hufunguliwa, na tangi la mafuta pamoja na mirija yake huondolewa.

Nambari ya fremu isikatwe wala kufunikwa, kwani ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha umiliki. Fremu iliyooza pande zote mbili haifai kuzibwa viraka.

Springi za nyuma aghalabu ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bolti zilizoganda hulowekwa mafuta mepesi usiku kucha kabla ya kufunguliwa. Bamba lililovunjika hubadilishwa, wala halichomelewi, kwa sababu moto huondoa ugumu na unyumbufu wake.

Shoki hupimwa kwa kukandamiza pembe ya gari na kuiachilia. Gari likiendelea kudunda, au shoki ikivuja mafuta, hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Bushi za mpira hukazwa kabisa baada ya gari kushushwa na kusimama kwa magurudumu yake, la sivyo hujipinda na kuchanika mapema.

Chuma kilichosafishwa hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi ya fremu. Ndani ya fremu hunyunyiziwa nta maalumu. Desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari huharibu mpira na kuchafua udongo, na ikifika kwenye breki huzifanya ziteleze.

Baada ya matengenezo, magurudumu husawazishwa, na bolti za springi hukazwa upya gari likishatembea kilomita chache.

Sheria ya Trafiki inataka magari ya kibiashara yakaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hata hivyo, mwenye gari hana haja ya kungoja siku hiyo. Kuosha matope na mbolea baada ya kila safari ni kazi ya dakika chache, na usipoziba ufa utajenga ukuta.