Kupunguza uzito ukiwa na kisukari: sahani ya Kathiani na sahani ya pwani

Mwenye kisukari cha aina ya pili huambiwa "punguza uzito", akarudi nyumbani asijue aanzie wapi. Wengine huacha ugali na wali siku moja, wakashindwa kabla ya wiki kwisha. Si lazima iwe hivyo. Kathiani, kule Machakos, chakula cha kila siku ni mahindi na jamii ya kunde. Kikipangwa vizuri chafaa sana kwa kazi hii, na Ukambani ndiko zitokako pojo na mbaazi nyingi tunazonunua Mombasa.

Kilo ngapi?

Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4.5 hadi 9, sukari yake kwa kawaida hushuka. Ambaye hajaugua miaka mingi aweza kupata zaidi. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2017, uliwachukua watu waliougua si zaidi ya miaka 6, wasiotumia insulini, wakapewa lishe ya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Lakini lishe ile ilikuwa ya vinywaji maalumu chini ya uangalizi. Usiijaribu peke yako.

Sahani yenyewe

Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde, mnavu. Robo iwe pojo, maharagwe, samaki, yai au kuku asiye na ngozi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au kiazi kitamu, kadiri ya ngumi yako.

Wakamba wana isyo, yaani mahindi mazima na maharagwe, na wana muthokoi, ambao mahindi yake hutwangwa kinuni kuondoa ganda. Muthokoi ni mlaini na mtamu, ila ganda likitoka nyuzinyuzi nyingi zimetoka nalo. Kwa mwenye kisukari isyo ni bora, na kunde zizidi mahindi: kikombe kimoja cha mahindi kwa viwili vya maharagwe au mbaazi. Ugali wa mtama au wimbi nao ni mzuri, lakini si ruhusa ya kuongeza tonge. Nimeona watu wakila mlima wa ugali mweusi kwa kuwa "ni dawa".

Kwetu pwani, mbaazi hazina kosa. Kosa li katika tui zito na mahamri manne ya kando. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka chupani. Chai vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori kama 145 zisizoshibisha. Msimu wa maembe, kula nusu ya embe, wala si juisi yake.

Siku moja yaweza kwenda hivi: asubuhi yai la kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu na chai bila sukari, mchana isyo kikombe kimoja na mboga tele, usiku samaki wa kupaka wa tui jepesi, mboga, na ugali wa ngumi moja.

Dawa kwanza

Hapa ndipo penye hatari. Anayetumia insulini au glibenclamide akipunguza chakula ghafla, sukari yaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Zungumza na daktari kabla ya kuanza, apange dozi upya, usiikate mwenyewe. Anayetaka kufunga Ramadhani afanye vivyo hivyo mapema. Dalili zikija, nywa maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kunde kabla ya kuuliza, na mjamzito asijipangie lishe ya kupungua.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Hata sukari ikitulia bila dawa, macho, miguu na figo huendelea kuangaliwa kila mwaka, na kipimo cha HbA1c hurudiwa, kwani uzito ukirudi sukari hurudi nao.