Punda milia haachi milia yake: methali ya Ngorongoro iliyobeba historia nzito

Ukipita Karatu mjini kuelekea geti la Ngorongoro, punda milia yupo kila kona: kwenye fulana, kwenye vinyago, kwenye mabango ya hoteli. Wanaopiga naye selfie ni wengi. Wanaojua kwamba amebeba moja ya methali maarufu za Kimaasai ni wachache kidogo.

Wazee husema: Mepal oloitiko isirat lenyena. Punda milia haachi milia yake. Waswahili wa pwani walifika hapo hapo kwa ukali zaidi, wakasema mwacha mila ni mtumwa. Na ona maneno yenyewe, milia na mila, kama vile methali ilikuwa inasubiri tu itafsiriwe!

Lakini hii siyo ya kuweka status halafu basi. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walitolewa kule, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pa watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja. Mwaka 1974 wenye maboma ndani ya kreta wakaondolewa. Mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku. Kisha 2022 familia zikaanza kuhamia Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Serikali ilisema watu na mifugo wamezidi na wanaohama wanahama kwa hiari. Wakazi wengi wakapinga. Kwa hiyo mzee wa kule akitaja milia, usidhani anaongelea shuka na shanga. Anaongelea ng'ombe, malisho, na makaburi ya wazazi wake.

Ipo nyingine: Memut elukunya nabo eng'eno, kichwa kimoja hakimalizi hekima. Hii ndiyo roho ya vikao vya wazee chini ya mti. Mtu anaongea mpaka amalize, ndipo mwingine anainuka, na jua linaweza kuzama hamjafika mwisho. Kwa waliozoea kumaliza mambo kwenye grupu la WhatsApp kwa dakika tano, hiyo ni adhabu kabisa.

Sasa shuka Karatu. Wairaqw wanaongea lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wana lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayejulikana, halafu Kiswahili kinawaunganisha wote. Haikuwa shwari siku zote. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba kwenye miteremko, paa likalingana na ardhi, ili Wamaasai waliokuja kupora ng'ombe wapite bila kujua. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakutana mnadani, wanabishania bei ya mbuzi.

Wairaqw nao wana slufay, maombi ya baraka yenye lugha ya mafumbo. Mzee anaomba mvua, amani na uzazi, waliokaa wanaitikia. Huwezi kuifanya peke yako na simu mkononi. Bila waitikiaji hakuna slufay. Na kuitikia kunataka uelewe kilichosemwa. Pale mjini siku hizi bibi anaongea Kiiraqw, mjukuu anamjibu Kiswahili. Habari za shule na chakula zinapita vizuri tu. Ikifika kwenye fumbo, mtoto anacheka, anauliza, "Bibi, ndo nini hicho?"