Mwibuko wa Maji na Riziki ya Dagaa

Maji ya bahari hayafanani toka juu hadi chini. Tabaka la juu hupigwa jua likawa vuguvugu na jepesi. Chini yake kuna maji baridi, mazito, yenye naitreti na fosfeti zilizotokana na mabaki ya viumbe waliokufa wakazama. Mbolea iko chini, mwanga uko juu, na planktoni, malisho ya bahari yote, huhitaji vyote viwili. Pale upepo unapoyasukuma maji ya juu yakaondoka pwani, maji baridi huja kushika nafasi yao na mbolea hukutana na jua. Tendo hilo wanasayansi wa Kiingereza huliita upwelling. Kwa Kiswahili napendekeza tuliite mwibuko.

Fasiri nyingine zipo, nazo huja haraka mdomoni. Lakini msikilizaji wa redio wa Rufiji akiambiwa kuna “kupanda kwa maji” ataanza kuhamisha vyombo, kwa kuwa kwake hayo ni mafuriko. “Mbubujiko” nao huonyesha maji yanayotoka kwa nguvu, ilhali mwendo huu ni wa polepole mno, mita chache tu kwa siku. Kuibuka ni kinyume cha kuzama. Mzamiaji huibuka, na kila mtu wa pwani analijua hilo. Kisha kitenzi hiki kina mwenzake, kuibua, kinachotuwezesha kumtaja mtenda: upepo unaibua maji. Istilahi inayozaa vitenzi vyake yenyewe itadumu kuliko ile ya kuunganisha maneno manne.

Mfano ulio wazi zaidi uko Peru. Huko pepo za kusini huvuma sambamba na pwani karibu mwaka mzima, na mzunguko wa dunia huyapindisha maji ya juu kushoto, yaani kuelekea bahari kuu. Mwibuko unaofuata ndio unaomlisha anchoveta, samaki mdogo wa ukoo mmoja na dagaa mchele wetu. Mwaka 1970 Peru ilivua takriban tani milioni 12 za samaki huyu. Mwaka 1973 hazikufika milioni 2. Uvuvi wa kupita kiasi ulikuwa umekwisha kumdhoofisha, ndipo ikaja El Niño ya 1972 na 1973, kipindi cha joto lisilo la kawaida katika Pasifiki.

Wengi hudhani El Niño huzima mwibuko. Sivyo hasa. Maji ya vuguvugu husogea kutoka magharibi ya Pasifiki, na tabaka la juu pwani ya Peru likawa nene kuliko kawaida. Upepo wa pwani waweza kuendelea kuibua maji, ila sasa yanayoibuka ni ya vuguvugu yaleyale, hayana mbolea. Dagaa hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata maji. Maji yakipata joto, anahitaji chakula na oksijeni zaidi, wakati ambapo maji hayo yanabeba oksijeni kidogo na planktoni imeadimika. Vifaranga vilivyoanguliwa karibuni hufa njaa. Wakubwa huzama chini zaidi, huhamia kusini, au hujibana katika ukanda mwembamba wa maji baridi uliosalia karibu na ufuo. Huko ndiko wanakonaswa kirahisi, na nyavu zikijaa mtu huamini bahari ina neema. Minandi na mwari wanaomtegemea anchoveta nao hufa kwa wingi. Mwaka 2023 joto liliporudi, serikali ya Peru ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi huo katika eneo la kaskazini na kati.

Kwetu mambo hayo si ya mbali. Msimu wa kusi huibua maji pwani ya Somalia, hata karibu na Ras Hafun joto la bahari likashuka chini ya nyuzi 20, na hapo ni tropiki. Ziwa Tanganyika nalo, ingawa si bahari, lina mwibuko wake: kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu kaskazini, na ya chini huibuka kusini, upande wa Mpulungu. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika Science, zilionyesha kwamba ziwa limepata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani. Utafiti mmoja ulikadiria kuwa uzalishaji wa planktoni umepungua kwa kama asilimia 20. Dagaa na migebuka wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura hulishwa na planktoni hiyo hiyo.

Kwa hiyo nawaomba watabiri wa hali ya hewa, maofisa uvuvi na waandishi wa habari: mnapotangaza El Niño, msiishie kwenye mvua. Mwambieni mvuvi pia habari za mwibuko, na kama maji yanayoibuka ni baridi au ni vuguvugu.