Visiwa na Bara: Jiografia, Historia na Uchumi wa Lamu

Historia ya Lamu imezoea kuandikwa kutoka visiwani. Mwanahistoria hutazama misikiti ya mawe, milango ya nakshi na tungo za washairi, kisha huhitimisha kwamba utajiri wote huo uliletwa na bahari. Rai hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Jahazi haliendi ng'ambo tupu. Halina budi kupakia shehena, na sehemu kubwa ya shehena ya bandari ya Lamu ilitoka upande wa pili wa mkondo, yaani barani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nguvu na unyonge wa miji ya visiwa hivyo vimefuatana na uwezo wa wenyeji wake wa kuitumia na kuimiliki nchi iliyo mkabala nao.

Mahali na maumbile

Iliyokuwa Wilaya ya Lamu, na ambayo tangu mwaka wa 2013 ni kaunti, iko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, ikipakana na Somalia. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha wakazi 143,920. Visiwa vikubwa ni Lamu, Manda na Pate. Kaskazini zaidi viko Ndau na Kiwayu. Manda hutengwa na bara na mlango mwembamba wa mikoko uitwao Mkanda, ambao maji yakipwa haupitiki kwa chombo kikubwa. Mji wa Lamu umeishi kwa visima vinavyopata maji kutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Manda, kwa upande wake, ina uhaba wa maji matamu, na magofu ya Takwa yanakumbusha kwamba mji waweza kuhamwa hata bahari ikiwa tele.

Bara ni nchi tambarare yenye misitu, malisho na ardhi ya kulima. Humo wamekaa tangu zamani Waboni na Wasanye, mabingwa wa uwindaji na urinaji asali, na Waorma wenye ng'ombe. Lugha yenyewe inahifadhi heshima ya bara hiyo. Wabajuni huitwa pia Watikuu, na lahaja yao Kitikuu, kwa jina la Tikuu, yaani nchi kuu. Waliolitoa jina hilo hawakukiona kisiwa kuwa ndicho kikubwa na bara kuwa kiambatisho chake.

Kutoka Shanga hadi Shela

Uchimbaji wa Neville Chittick kisiwani Manda, na ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, umethibitisha kwamba miji ilikuwako hapa tangu karne ya 8 na ya 9. Miji hiyo ilifanya biashara na nchi za ng'ambo, lakini pembe za ndovu zilizouzwa hazikuota visiwani. Zilitoka bara, mikononi mwa wawindaji. Kwa hivyo tangu mwanzo mfanyabiashara wa pwani alihitaji masikilizano na watu wa msituni sawasawa na alivyohitaji pepo za kaskazi na kusi.

Pate ilitawala sehemu kubwa ya eneo hili kabla ya kudhoofika kwa vita na fitina za ndani. Anguko lake ndilo lililompa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir maudhui ya Al-Inkishafi. Mnamo 1812 majeshi ya Pate, yakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, yaliteremka Shela kuishambulia Lamu, yakashindwa vibaya. Waamu, kwa kuhofia kisasi, waliomba himaya ya Seyyid Said wa Oman, na ngome iliyokamilishwa mnamo 1821 ikawa alama ya mapatano hayo.

Mashamba ya barani

Amani iliyofuata upande wa Lamu ndiyo iliyofungua mlango wa kilimo kikubwa. Katika karne ya 19 matajiri wa visiwani walipanua mashamba barani, wakapanda mtama, mahindi na ufuta. Nafaka ililisha miji na kupelekwa Arabuni. Marguerite Ylvisaker, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 1979, ameeleza kwa kina jinsi ardhi hiyo ya bara ilivyokuwa msingi wa biashara na siasa za Lamu. Lakini kilimo hicho kilisimama juu ya mabega ya watumwa. Nyumba nyingi za mawe zinazosifiwa leo ziligharimiwa na jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wengi hawakukubali hali hiyo. Watoro walikimbilia misituni na Witu, ambako Ahmed Simba, wa ukoo wa Wanabahani uliokwisha poteza kiti cha Pate, alijijengea dola mpya. Yafaa kutambua kwamba ukoo huo ulipofukuzwa visiwani haukutafuta kisiwa kingine. Ulijenga nguvu barani. Wajerumani waliiweka Witu chini ya himaya yao mwaka wa 1885, wakaiachia Uingereza mwaka wa 1890. Mwaka huo huo manowari za Waingereza zilileta jeshi lililouteketeza mji huo.

Marufuku ya biashara ya watumwa baharini ya mwaka wa 1873, na hatimaye kukomeshwa kwa utumwa mwaka wa 1907, kuliyanyima mashamba wafanyakazi wa bure. Lilikuwa jambo la haki lililochelewa mno. Wakati huo huo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilivuta biashara kusini, na Lamu ikabaki kando.

Boriti na ardhi

Kilichobaki ni mikoko. Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya, na ukataji wake ulizaa msamiati kamili. Miti hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, hadi nguzo, nayo huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi ya Ghuba yaliichukua kwa ajili ya dari za nyumba hadi Serikali ilipopiga marufuku kuiuza ng'ambo mwaka wa 1982.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la ardhi. Sheria ya mwaka wa 1908 ilimtaka mwenye kudai ardhi ya pwani athibitishe dai lake. Isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Mkulima aliyelima konde, akaliacha lipumzike, kisha akalirudia, hakuwa na hati. Alikuwa na kumbukumbu tu. Kisha vita vya shifta, vilivyoanza mwaka wa 1963, viliwatimua Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara ya kaskazini, nao wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Katika miaka ya 1970 mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, huko Mpeketoni, uliwaleta wakulima wengi kutoka sehemu nyingine za nchi. Walilima kwa bidii, na haki yao ya kuishi kwa amani haina shaka. Lakini waliokimbia vita walibaki wakiuliza makonde yao yamekuwa ya nani.

Swali hilo limezidi uzito tangu mradi wa bandari mpya ulipozinduliwa mwaka wa 2012. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 2021, nalo halikujengwa mbele ya mji wa kale bali Kililana, barani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi naye hana hati ya bahari, lakini mahakama ilikubali kwamba matumizi ya vizazi ni haki.

Hitimisho

Kama matumizi ya vizazi ni haki baharini, basi ushahidi wa matumizi hayo barani nao wastahili kukusanywa. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ni ya lugha: majina ya makonde, ya visima, ya vijiji vilivyohamwa na ya njia za msituni, katika Kiamu, Kipate, Kitikuu na Kiboni. Tungo za Lamu zimehaririwa na kufundishwa. Majina hayo yamo vinywani mwa wazee, na kila mwaka wazee hao hupungua. Kuyaandika, pamoja na mahali yalipo na watu waliokaa hapo, ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo ya wanahistoria.